Kipimo Kikikuonya, Usikibeze

Akina mama wenzangu, leo naomba mniruhusu niwasimulie habari za ndege. Najua wengi mnatazamia muuguzi awaandikie juu ya chanjo, uji wa mtoto au kunyonyesha. Hayo nayo yana siku yake. Lakini jambo nililojifunza siku ile chini ya mgunga, nikimtazama fundi akibadilisha vifaa viwili vidogo vinavyoweza kuenea kiganjani, limenifaa nyumbani kwangu kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Ndiyo maana sikuona vema nikae nalo peke yangu.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Kanisani kwetu nimo katika kundi la kujitolea. Mara moja kwa mwezi tunapanda ndege ndogo pale uwanja wa Arusha, tunakwenda vijiji vya umasaini ambako gari hufika kwa taabu. Tunabeba kasha la chanjo, mizani ya watoto, dawa chache na mashine ya kupimia presha. Ndege yenyewe ni Cessna 206, yenye injini moja ya silinda 6. Ukiwa ndani yake huko juu, unakumbuka vizuri sana kwamba injini ni hiyo moja tu.

Ilikuwa Septemba 2022. Tuliondoka saa mbili asubuhi, rubani, mwenzangu mmoja na mimi. Tuliomba kama kawaida yetu, tukafunga mikanda, tukaruka kuelekea upande wa Ziwa Natron. Hali ya hewa ilikuwa safi. Mlima Ol Doinyo Lengai ulionekana mbele yetu na kilele chake cheupe kama kilichonyunyiziwa majivu. Mwenzangu alikuwa tayari amesinzia.

Mimi nilikaa kiti cha mbele kando ya rubani. Nikamwona ananyoosha kidole na kugonga kioo cha vipimo, mara moja, kisha mara ya pili. Akanyamaza. Baadaye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mama, hatutafika kule tulikokusudia. Tutatua hapo karibu na ziwa.”

“Kuna nini, mwanangu?” nikauliza. Ni kijana, umri wake haupiti sana wa mdogo wangu wa mwisho.

“Sensa ya presha ya oili inaonyesha oili inashuka.”

Msinicheke. Wakati huo sensa ya watu ya mwezi wa Agosti ilikuwa imepita majuzi tu, na neno hilo lilikuwa bado limejaa masikioni mwetu. Nikawaza, sensa ya watu inaingiaje tena kwenye oili? Ndipo akanieleza. Sensa ni kifaa kidogo kilichofungwa upande wa injini. Ndani yake kuna kiwambo chembamba. Oili ikikisukuma, kifaa kinapeleka habari kwa waya wa umeme hadi kwenye kioo mbele ya rubani. Oili ndiyo damu ya injini, na presha yake ndiyo inayoifikisha kila mahali panaposuguana chuma kwa chuma. Ikikosekana, injini haichukui muda kukwama.

Kwenye injini ile, presha ya kawaida ni kati ya ratili 30 na 60 kwa inchi ya mraba. Kioo kilikuwa kinaonyesha 18, na kilizidi kushuka.

“Lakini joto la oili halijapanda,” akasema rubani. “Kama oili ingekuwa imekwisha kweli, joto lingepanda. Huenda injini ni nzima na kipimo ndicho kinachodanganya.”

“Basi si tuendelee?” nikamwambia. Watu walikuwa wanatungoja, na mimi nilikwisha wapa ahadi.

Akatikisa kichwa. “Hapana, Mama. Kipimo kikisema kuna hatari, kwangu hatari ipo mpaka nitakapothibitisha kwa kipimo kingine. Na huku juu sina kipimo kingine.”

Tukatua salama saa tatu kasorobo. Rubani akapiga simu Arusha. Ndege ya pili ilikuwa karakana, injini yake imefunguliwa. Fundi akapakia vifaa kwenye Land Rover na kuanza safari. Barabara ile mnaijua ninyi mnaokaa huko: mawe, mchanga na vumbi, zaidi ya saa tano.

Neno lililonichoma

Wakati tunangoja, sikuweza kutulia. Lile neno la rubani lilikuwa limenipeleka mbali, mpaka mwaka 2009, nikiwa muuguzi kijana katika wodi ya wazazi. Habari hii sijawahi kuiandika popote.

Usiku mmoja nilimpima presha mama mjamzito. Mashine ikasoma juu sana. Ilikuwa mashine ya zamani, na sote tulikuwa na mazoea ya kuilalamikia. Mama mwenyewe alikuwa anacheka na jirani yake wa kitandani. Nikasema moyoni, “Mashine hii nayo, imeanza tena.” Nilikuwa na wagonjwa wengi na nilikuwa nimechoka. Sikwenda kuchukua mashine nyingine wodi ya pili, hatua kama 40 tu. Nikaandika kwenye karatasi yake kipimo kinachofanana na cha jana.

Alfajiri yule mama alipata kifafa cha mimba. Yeye alipona. Mtoto wake hakupona.

Hakuna aliyenishtaki, kwa sababu hakuna aliyejua. Lakini mimi nilijua, na Mungu alijua. Kwa miaka mingi nimelibeba jambo hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Na siku ile, kijana anayeweza kuwa mdogo wangu alikuwa amenionyesha kwa sentensi moja kitu nilichopaswa kufanya usiku ule.

Mama aliyekuja kivulini

Ndege ikitua kijijini watu huja. Hata kabla ya saa nne akina mama walikuwa wamekwisha kaa chini ya mgunga na watoto mgongoni. “Takwenya!” nikawasalimu. “Iko!” wakaitikia kwa pamoja. Basi tukafungua kasha letu, tukaanza kliniki pale pale, tukisaidiana na tabibu wa zahanati ya karibu.

Kama saa saba mchana akaja binti mmoja mjamzito na mama mkwe wake. Mimba ya kwanza, na kwa kadi yake ilikuwa wiki ya 34. Alikuwa ametembea saa mbili. Alitabasamu na kusema kwamba haumwi kitu, amekuja tu kwa sababu aliona ndege. Nikamfunga mkanda wa mashine yetu ya betri. Ikasoma 172 kwa 114.

Wapenzi, nisiwafiche. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa lile lile la mwaka 2009: betri hizi zimeanza kuisha.

Lakini safari hii nilisimama. Nikamkalisha kivulini robo saa, mgongo wake umeegemea na miguu haikukunjwa. Nikachukua mashine ile nyingine, yenye pampu ya mkono na saa yake, nikaweka stetoskopu masikioni. 170 kwa 112. Mkono wa pili, karibu vile vile. Tukapima mkojo, tukakuta protini nyingi. Nikamtazama miguu, imevimba. Nikamwomba mama mkwe amuulize tena polepole, kwa Kimasai, kama kichwa kinauma. Binti akainamisha uso. Ndiyo, kinamwuma tangu jana, na macho yanaona giza giza. Hakutaka kusema asije akaonekana mvivu.

Hapo mashine haikudanganya. Tabibu na mimi tukampa sindano ya kuzuia degedege na dawa ya kushusha presha, tukamlaza zahanati. Lakini tiba kamili ya ugonjwa ule ni kuzalishwa, na hilo lilihitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa gari, usiku, kwenye barabara ile, saa tano na zaidi. Kwa ndege, kama dakika 40. Na ndege yetu ilikuwa imekaa pale na sensa yake.

Rubani akaweka mpango mbele ya wote. Jua lingezama kama saa kumi na mbili na nusu, na yeye hakuweza kutua Arusha gizani. Kama ndege haingekuwa hewani ifikapo saa kumi na mbili kasorobo, binti angeondoka kwa Land Rover ya fundi.

Fundi na haraka zangu

Fundi alifika saa kumi kasorobo, mzee wa makamo mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. “Shikamoo, Mzee,” nikamwambia, na kabla hajamaliza kuitikia nikamweleza habari ya mgonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono, akafungua kifuniko cha injini.

Kwanza alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imejaa kama inavyotakiwa. Akaangalia chini ya injini kwa tochi, hakuona palipovuja. Kisha akaondoa ile sensa na mahali pake akafunga saa yake mwenyewe, ile ya kizamani inayopokea presha moja kwa moja bila waya wala umeme. Rubani akawasha injini. Saa ya fundi ikasimama kwenye 50, imetulia. Alipoirudisha sensa, kioo cha rubani kikasema 8. Injini ilikuwa nzima. Sensa ndiyo iliyokufa.

Akafanya hivyo hivyo kwa sensa ya pili, inayopima presha ya petroli. Saa yake ilitulia, lakini namba za kwenye kioo ziliruka juu na chini.

“Hii ya petroli imecheza wiki nzima,” akasema, na sauti yake ilikuwa na haya. “Tukasema labda ni waya umelegea. Sensa mpya tulikwisha nunua, ziko stoo, zinangoja zamu ya matengenezo. Tulizoea tu kuiona ikiruka.” Zote mbili zilifungwa siku moja, na mtikisiko wa injini ulizichosha pamoja. Akaamua kubadilisha zote.

Mtu mwingine angedhani ni kazi ya kufungua na kufunga. Kumbe ina adabu yake. Alikata umeme wa betri. Alifunga bomba la petroli na kuweka kopo kukinga matone ya petroli ile ya ndege yenye rangi ya samawati. Alimweka kijana na kizimamoto kando. Alitumia spana mbili, moja kushika kiungo na nyingine kuzungusha sensa, kwa sababu ukitumia moja unaweza kukivunja kile kiungo kinachobaki. Kwenye hesi alipaka dawa ya kuzibia kidogo sana, akaacha mizunguko ya mwanzo mikavu.

Nikamuuliza kwa nini hatumii ile tepu nyeupe ambayo mafundi bomba hutufungia jikoni. Akasema tepu ile ikikatika kipande kinaweza kuingia ndani na kuziba njia. Tena zipo sensa zinazopitishia umeme wake kwenye mwili wa chuma; ukiizungushia tepu unaikatia njia, nayo itaanza kusema uongo ingali mpya. Akanionyesha pia kiungo chenye tundu dogo sana mahali oili inapopita kwenda kwenye sensa. Limefanywa dogo makusudi, ili sensa ikipasuka angani oili itoke kidogo kidogo, rubani apate nafasi ya kutua.

Nilikuwa nasikiliza, lakini jicho langu lilikuwa kwenye saa ya mkononi. Saa kumi na moja kamili akamaliza kufunga. Injini ikawashwa, kioo kikasoma sawasawa kwa oili na kwa petroli. Nikaruka kwa furaha. “Haya, tumlete mgonjwa!”

“Bado,” akasema fundi. Akazima injini, akachukua kitambaa cheupe na tochi.

Hapo, dada zangu, uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia kwa ukali, “Mzee, mama huyu hana muda! Kioo kimekwisha sema ni sawa, unatafuta nini tena?”

Hakunijibu. Alipitisha kitambaa polepole chini ya sensa ya oili, kikatoka kikavu. Akakipitisha chini ya sensa ya petroli. Akakinusa. Akanigeukia na kunionyesha doa dogo la unyevu, halizidi ukubwa wa punje ya dengu.

Petroli. Tone moja juu ya injini ya moto. Kioo kilikuwa kinasema kweli kuhusu presha, lakini hakikuwa na namna ya kusema habari ya lile tone. Kama wangenisikiliza mimi, tungempandisha yule binti na mtoto wake tumboni, tukaruka na moto unaongoja kuwaka.

Sikuwa na neno. Nikakaa kwenye jiwe. Fundi akafungua upya, akasafisha hesi, akafunga tena kwa utaratibu ule ule, bila kunikumbusha nilivyomsemesha. Injini ikawashwa mara ya pili. Kitambaa kikatoka kikavu. Akafunga waya za usalama, akaandika kwenye kitabu cha ndege kila alichofanya na kutia sahihi. Rubani akaruka peke yake, akazunguka uwanja mara moja, akatua. Fundi akakagua tena kwa kitambaa, kisha akanitazama na kusema, “Sasa, Mama, mlete mgonjwa wako.”

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika 20. Tulitua Arusha jua likiwa linaingia nyuma ya milima. Usiku ule binti alifanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa mdogo na alikaa wiki kadhaa kwenye joto la kifua cha mama yake kabla ya kuruhusiwa, lakini alikuwa mzima, na mama yake mzima.

Niliporudi nyumbani

Kabla sijaondoka hospitali nilimpigia simu fundi, nikamwomba radhi. Akacheka tu. Akasema hata mkewe humwambia ana mwendo wa kinyonga.

Nilifika nyumbani karibu saa tano usiku. Baba watoto alikuwa macho ananingoja, chakula kimefunikwa mezani. Nilipomsimulia, alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Na wewe, mke wangu, umejipima lini?”

Nilikuwa na maumivu ya kisogo kwa muda wa mwaka mzima. Kila mara niliyaita uchovu. Mara moja nilijipima, ikasoma juu, nikasema ni kwa sababu nimepanda ngazi. Nilikuwa nimelizoea lile namba kuruka, kama wao walivyoizoea sensa yao. Mume wangu akanifunga mkanda mwenyewe, mezani pale. 158 kwa 98. Kesho yake tukapima tena, na kesho kutwa kwa mashine nyingine. Ilikuwa kweli. Tangu hapo ninameza dawa kila asubuhi, chumvi nimepunguza, na kisogo hakinisumbui tena.

Dada yangu unayesoma, nyumba nayo ina vipimo vyake. Mtoto aliyekuwa akiongea sana, sasa anakula na kukimbilia kitandani. Mume anayesema hajambo, lakini chakula anakigusa tu. Binti anayeomba ruhusa ya kutokwenda shule kila wiki. Pengine ni jambo dogo, kweli. Pengine waya umelegea tu. Lakini usiseme hivyo kabla hujapima mara ya pili: kaa naye, muulize polepole, uliza tena kwa lugha anayoielewa. Ukishapajua palipoharibika, parekebishe kwa utaratibu, na ukimaliza rudi tena na kitambaa cheupe uone kama pamekauka.

Na wewe uliye mjamzito, nakusihi kama muuguzi. Hudhuria kliniki hata kama hujisikii kuumwa. Kuanzia wiki ya 20 presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, ni jambo la kufuatilia, si la kubisha. Ukiumwa kichwa kisichopoa, ukiona maluweluwe, ukivimba uso au mikono ghafla, au ukipata maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo. Na mhudumu akikuambia mashine ni mbovu, mwombe kwa upole akupime kwa nyingine.

Yule mama wa mwaka 2009 sijui yuko wapi. Kila mwezi tunapopanda ndege na rubani anapogusa vioo vyake kimoja kimoja kabla ya kuruka, mimi humtaja katika sala yangu, yeye na mtoto wake. Kisha hutoa mashine zangu mbili za presha mfukoni na kuzijaribu zote kwenye mkono wangu mwenyewe, nione kama zinakubaliana.